Ulimi wa Mrushaji: John Nagenda kati ya Kriketi, Kalamu na Ikulu

Katika kumbukumbu rasmi za kriketi ya dunia, John Nagenda wa Uganda ana mstari mmoja tu: mechi moja ya kimataifa, iliyochezwa tarehe 14 Juni 1975 katika uwanja wa Edgbaston mjini Birmingham, wiketi moja aliyoiangusha, na mikimbio 50 ambayo wapigaji wa Uingereza waliipata kutokana na mipira yake. Kwa kipimo cha takwimu, mtu huyu angeweza kupitwa na mwanahistoria wa michezo bila kutupiwa jicho, kwa kuwa timu yake ilishindwa vibaya siku hiyo, yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kutimiza miaka 37, na hakurudi tena katika mashindano ya ngazi hiyo. Hata hivyo, kwa karibu nusu karne iliyofuata, aliendelea kusomwa, kunukuliwa, kuchukiwa na kuchekewa nchini mwake, jambo ambalo ni vigumu kulisema kuhusu wenzake wengi waliovaa naye sare mwaka ule, na lililomfikisha hapo halikuwa mkono wake bali ulimi na kalamu yake.

Wanamichezo wa namna hii, ambao maneno yao yameishi kuliko matokeo yao, wapo katika kila mchezo, lakini ni jambo la kuangaliwa kwamba wengi wao wametoka miongoni mwa warushaji. Mfano mashuhuri zaidi ni wa Marekani, katika besiboli, mchezo ambamo mtu mmoja husimama katikati ya uwanja na kurusha mpira kuelekea kwa mpinzani mwenye gongo anayejaribu kuupiga. Satchel Paige, aliyezaliwa mwaka 1906 mjini Mobile katika jimbo la Alabama, alitumia miaka yake bora katika ligi za watu weusi kwa sababu ubaguzi wa rangi uliwafungia nje ya ligi kuu hadi mwaka 1947, na alipoajiriwa na timu ya Cleveland mwezi Julai 1948 alikuwa na umri wa miaka 42, umri ambao warushaji wengi wamekwisha kustaafu. Paige aliipa mitupo yake majina kama mtu anavyowapa ng'ombe wake, alijibu maswali kuhusu umri wake kwa mafumbo, akatunga kanuni za kubaki kijana ambazo Wamarekani wanazirudia hadi leo, na husimuliwa kwamba wakati mwingine aliwaamuru wenzake waliokuwa nyuma yake waketi chini, kwa maana kwamba hakuna mpira ambao ungewafikia. Mwaka 1965, akiwa na miaka 59, alirudi uwanjani kwa mechi moja na kutupa kwa vipindi vitatu dhidi ya Boston, akiwa ameandaliwa kiti cha kubembea cha kupumzikia, kana kwamba uzee wenyewe ulikuwa sehemu ya maonyesho.

Kwa nini mrushaji? Golikipa husubiri mpira umfikie na mshambuliaji hutegemea pasi ya mwenzake, ilhali mrushaji ndiye anayeanzisha kila kitu: mchezo hauwezi kuendelea mpaka yeye atake, na kati ya mtupo mmoja na mwingine kuna kimya kirefu ambacho macho yote humwelekea yeye. Mtu mwenye kipaji cha maneno akipewa nafasi kama hiyo, ni nadra kuiacha ipite bure. Nagenda alikuwa mrushaji wa kriketi, mchezo ambao ni ndugu wa besiboli ingawa ni mkubwa zaidi kwa umri, na hali hii ilimkaa vizuri.

Msomaji wa Kabwe, bandari ya Ziwa Tanganyika katika Wilaya ya Nkasi, au wa Sumbawanga juu ya nyanda za Ufipa, hana sababu kubwa ya kuwa ameuona mchezo huo kwa macho, na sababu zenyewe ni za kihistoria. Kriketi ilisambaa Afrika Mashariki kwa njia tatu: maofisa wa Kiingereza, wafanyabiashara na mafundi wenye asili ya Bara Hindi, na shule za wamisionari wa Kianglikana. Ufipa haikupata sehemu kubwa ya hata moja kati ya hizo. Hadi mwaka 1916 ilitawaliwa na Wajerumani, walioweka kituo chao Kasanga na kukiita Bismarckburg, na dini ya Kikristo ililetwa hasa na Mapadri Weupe, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa na Mfaransa, Kardinali Lavigerie, ambalo lilifika katika Ziwa Tanganyika mwaka 1879 na kukabidhiwa kituo cha Karema mwaka 1885. Mapadri hao walileta Kilatini, bustani za mboga na matofali ya kuchoma, lakini mapadri waliokulia Ufaransa, Uholanzi au Ujerumani hawakuwa na sababu ya kubeba magongo ya kriketi. Uganda ilikuwa kinyume chake, kwa kuwa huko Waanglikana wa shirika la CMS walijenga shule za bweni kwa mfano wa zile za kwao, na katika shule hizo, ambazo King's College Budo iliyofunguliwa mwaka 1906 ni mashuhuri kuliko zote, kriketi ilifundishwa kama sehemu ya malezi.

Mchezo wenyewe unaweza kuelezwa kwa maneno machache, ingawa wapenzi wake hawatakubali kwamba yanatosha. Timu mbili za watu 11 hupokezana kupiga na kurusha. Vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini, ambavyo pamoja na vipande viwili vidogo vya mbao vilivyowekwa juu yake huitwa wiketi, ndivyo mpigaji anavyovilinda kwa gongo bapa, na mrushaji, akiwa mbali kiasi cha mita 20, hujaribu kuviangusha au kumlazimisha mpigaji afanye kosa litakalomtoa. Mpira ni mgumu, umeshonwa kwa ngozi, na kwa kawaida hudunda mara moja kabla ya kumfikia mpigaji, mfano wa jiwe bapa ambalo kijana wa Kabwe hulirusha likaruka juu ya uso wa ziwa, isipokuwa kwamba hapa mrushaji hutaka mdundo uende upande asioutarajia mwenzake. Mpigaji akiupiga mpira mbali, hukimbia kati ya wiketi mbili na kujipatia alama, ambazo huitwa mikimbio. Mfululizo wa mipira sita huitwa ova, na kila mtu akitolewa husemwa kwamba wiketi imeanguka. Katika Kombe la Dunia la kwanza, lile la mwaka 1975, kila timu ilipewa ova 60.

John Nagenda alizaliwa tarehe 25 Aprili 1938 huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, karibu na Ziwa Muhazi, katika kituo cha wamisionari wa Kianglikana ambamo baba yake, Mganda William Nagenda, alikuwa akifanya kazi ya dini. Mahali hapo si pa kutajwa kwa kupita. Gahini ndiko ulikowaka, katikati ya miaka ya 1930, uamsho wa Kikristo ambao ulienea Rwanda, Uganda, Kagera, Kenya na mbali zaidi, na ambao wafuasi wake walijulikana kwa neno la Kiganda, Balokole, yaani waliookoka. Mapokeo ya uamsho huo huwataja daktari Mwingereza Joe Church wa hospitali ya Gahini na Waganda Simeon Nsibambi, Blasio Kigozi na William Nagenda kuwa miongoni mwa nguzo zake. Balokole waliacha pombe, waliacha kujipamba, na katika mikutano yao walisimama mmoja mmoja mbele ya wote kutubu dhambi kwa majina yake, bila kuficha wala kuzunguka. Na hawakuishia kwenye dhambi zao wenyewe, bali waliwaambia wakubwa wa kanisa usoni kwamba wamelala. Mwaka 1941 William Nagenda na wenzake walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu walikataa kuacha sala za alfajiri na mahubiri yao ya kuwakemea wengine, na tangu hapo akawa mhubiri asiye na daraja la upadri, akifanya makao Namutamba, shamba la Mwingereza mmoja aliyekuwa ameokoka, magharibi mwa Kampala, huku akisafiri kuhubiri katika mabara kadhaa hadi kifo chake mwaka 1973.

Mtoto aliyelelewa katika nyumba hiyo alikua akawa mpenda mvinyo, mvaaji wa nguo za kupendeza, mtu wa vicheko na mabishano ya usiku mrefu. Ni rahisi kuona hapo uasi wa mwana dhidi ya baba, na bila shaka uasi ulikuwepo, lakini maelezo hayo hayatoshi. Kilichorithiwa ni kikubwa kuliko kilichokataliwa. Mtu aliyekulia mahali ambapo watu wazima husimama na kusema hadharani mambo ambayo jamii nyingine huyanong'ona, na ambapo askofu huambiwa kosa lake na kijana bila kuombwa radhi, hawezi kukua akiamini kwamba heshima maana yake ni kunyamaza. Nagenda alikiacha kiapo cha kutokunywa akabaki na mimbari. Wasomaji wa Uganda waliomlaumu baadaye kwa kiburi, na walikuwa wengi, huenda walikuwa wakiusikia mwangwi wa mahubiri ya Balokole yaliyotolewa na mtu asiyehubiri tena dini yoyote.

Katika Chuo Kikuu cha Makerere, kijana huyo alijiunga na kizazi kilichoamini kwamba fasihi ya Afrika ilikuwa ikizaliwa mikononi mwake. Wanafunzi wa idara ya Kiingereza walikuwa na jarida lao, *Penpoint*, na mwezi Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, chuo kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza, uliowakutanisha Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, mshairi Mmarekani mweusi Langston Hughes, na vijana wa Afrika Mashariki wakiwemo Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati huo aliitwa James Ngugi, na John Nagenda. Kwa msomaji wa Kiswahili mkutano huo una doa linalojulikana, ambalo Ngũgĩ mwenyewe alilitaja miaka mingi baadaye: Shaaban Robert, ambaye maandishi yake yalikuwa yamesomwa na watu wengi zaidi katika ukanda huu kuliko ya yeyote kati ya vijana waliokuwa ukumbini, hakualikwa kwa sababu hakuandika kwa Kiingereza, na alifariki mwezi huohuo nchini Tanganyika. Nagenda hakuonyesha katika maisha yake kwamba jambo hilo lilimsumbua sana. Kiingereza kwake kilikuwa chombo cha mchezo, kama ulivyokuwa mpira wa ngozi, na alikitumia kwa madaha ya mtu anayejua kwamba waliomfundisha wanamtazama.

Baada ya mapinduzi ya Idi Amin ya tarehe 25 Januari 1971, vicheko vya hadharani vilikuwa ghali nchini Uganda. Amin mwenyewe alikuwa mtu wa maskhara, bondia wa zamani ambaye alijua kuuchekesha umati huku askari wake wakiua, na katika nchi ambayo mtawala amejitwalia kazi ya kuchekesha, mcheshi mwingine yeyote huonekana kuwa mshindani. Kriketi nayo ilipata pigo, kwa maana amri ya Agosti 1972 ya kuwafukuza watu wenye asili ya Bara Hindi iliondoa ndani ya miezi michache wachezaji, makocha, waamuzi na wafadhili waliokuwa uti wa mgongo wa mchezo huo. Wachezaji Waafrika waliotoka katika shule za Kianglikana walibaki wachache wakiushikilia. Nagenda alitumia sehemu kubwa ya miaka ya Amin na ile ya Milton Obote iliyofuata akiishi nje, hasa Uingereza.

Timu iliyokwenda Kombe la Dunia mwaka 1975 haikuwa ya nchi moja. Baraza la kimataifa la mchezo huo lilizialika nchi sita zilizokuwa na hadhi ya juu kabisa, yaani Uingereza, Australia, West Indies, India, Pakistan na New Zealand, likaongeza Sri Lanka na timu ya pamoja iliyoitwa Afrika Mashariki, iliyokusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Mtu akitazama ramani ataona kwamba Ufipa iko katikati ya eneo hilo lote, Zambia ikiwa mwendo mfupi kusini mwake, ilhali hakuna mchezaji hata mmoja aliyetoka karibu nayo, kwa kuwa timu ilitoka katika vilabu vya miji mikubwa. Nahodha alikuwa Mkenya Harilal Shah. Tanzania iliwakilishwa na Praful Mehta na Shiraz Sumar. Na Waganda walikuwa wawili, Sam Walusimbi na Nagenda, ambao katika kundi lile la wachezaji 14 ndio pekee waliokuwa Waafrika weusi. Ilikuwa timu ya watu wenye kazi zao za kila siku waliokwenda kupambana na watu ambao baadhi yao waliishi kwa mchezo huo, na matokeo yalionyesha hivyo. Tarehe 7 Juni, New Zealand iliwafunga mikimbio 309, kati ya hiyo Glenn Turner akipata 171 peke yake bila kutolewa, na Afrika Mashariki ikajibu kwa 128. Siku nne baadaye, huko Leeds, India iliwatoa wote kwa 120 na kuifikia alama hiyo bila kupoteza wiketi hata moja, huku mrushaji wa mkono wa kushoto Bishan Bedi akitoa mikimbio 6 tu katika ova 12, takwimu ambayo bado hutajwa kuwa miongoni mwa za ubahili mkubwa kabisa katika historia ya mchezo huo.

Nagenda hakupangwa katika mechi hizo mbili. Alipangwa ya tatu, dhidi ya wenyeji. Waingereza walianza kupiga. Barry Wood alipata mikimbio 77, Dennis Amiss 88 na Frank Hayes 52, na jumla ikawa 290 kwa wiketi tano. Moja ya hizo tano ilikuwa ya Nagenda. Afrika Mashariki ilipoingia kupiga, mrushaji wa kasi John Snow aliwatoa wanne kwa mikimbio 11, timu nzima ikaishia 94, na tofauti ya mikimbio 196 ikahitimisha safari. Hiyo ndiyo mechi yote. Mwanamichezo asiye na ucheshi angeificha; Nagenda aliishi nayo waziwazi, kwa sababu kwake kushindwa mbele ya Uingereza katika uwanja mkubwa kulikuwa bado ni kucheza na Uingereza, jambo ambalo wengi wa wasomaji waliomkejeli hawakuwahi kulifanya.

Inafaa kukumbuka mwezi huo ulikuwa na nini kingine. Juni 1975 mahakama ya kijeshi ya Amin ilimhukumu kifo Denis Hills, mwalimu Mwingereza aliyekuwa akiishi Uganda, kwa sababu ya maneno aliyoyaandika katika mswada wa kitabu, akimlinganisha mtawala na dhalimu wa kijijini, na Hills aliokolewa mwezi Julai baada ya waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, James Callaghan, kwenda Kampala yeye mwenyewe kumwombea. Kwa hiyo katika majuma yaleyale ambayo Mganda mwenye ulimi mkali alikuwa akirusha mpira Birmingham, Mwingereza mwenye kalamu kali alikuwa katika jela ya Uganda akisubiri kupigwa risasi. Mzaha, katika mazingira hayo, haukuwa pambo la tabia.

Vitabu vya Nagenda si vingi. Mwaka 1973 ilichapishwa *Mukasa*, hadithi ya watoto kuhusu mvulana wa kijijini anayepata nafasi ya kwenda shule, na mwaka 1986 ikatoka riwaya yake ya watu wazima, *The Seasons of Thomas Tebo*, ambayo mhusika wake mkuu ni kijana mchangamfu, mpenda anasa, anayevutwa hatua kwa hatua ndani ya siasa na umwagaji damu wa nchi inayotambulika na kila Mganda. Riwaya hiyo huanza kama kichekesho na kugeuka kuwa maombolezo, na anayeisoma leo hupata shida kuamini kwamba mwandishi wake hakuwa akijitazama kwenye kioo. Mshairi na msimuliaji wa hadithi fupi aliyekuwa na ahadi kubwa Makerere hakuandika tena riwaya nyingine iliyopata umaarufu kama huo. Alipata kazi nyingine.

Kazi hiyo ilianza Yoweri Museveni alipoingia madarakani mwishoni mwa Januari 1986. Katika mwaka huohuo serikali mpya iliunda tume ya kuchunguza ukiukwaji wa haki za binadamu uliotendwa tangu uhuru wa 1962 hadi Museveni alipotwaa madaraka, chini ya Jaji Arthur Oder, na Nagenda akawa mmoja wa makamishna wake. Kwa miaka tume hiyo ilizunguka nchi ikisikiliza mashahidi wakieleza walivyoteswa na jinsi ndugu zao walivyopotea, na ripoti yake ilitolewa mwaka 1994. Ni sehemu ya maisha yake ambayo waliomjua kwa vichekesho pekee huisahau. Mtu aliyekaa miaka minane akisikiliza ushahidi wa namna ile alikuwa na sababu nzito ya kuiona serikali iliyomaliza mambo yale kuwa jambo la kulindwa, na bila kulizingatia hilo haiwezekani kuielewa safu aliyoiandika baadaye, ambayo vinginevyo huonekana kama utumishi wa mtu wa ikulu tu.

Safu hiyo iliitwa One Man's Week, ilichapishwa kila juma katika *New Vision*, gazeti ambalo serikali ndiyo mmiliki wake mkuu, na mwandishi wake alikuwa wakati huohuo mshauri mwandamizi wa rais katika masuala ya habari. Cheo hicho kingemfanya mtu mwingine aandike taarifa kavu za kusifu. Nagenda aliandika kama alivyorusha: alikuja kwa kasi, mara nyingi alimlenga mtu na si hoja, na hakujali sana kama mpira wake ungepigwa nje ya uwanja, almuradi mpigaji ashtuke. Katika ukurasa mmoja aliweza kuchanganya siasa za Kampala, kitabu alichokuwa akikisoma, mechi aliyoiangalia na kejeli kwa kiongozi wa upinzani, kwa Kiingereza cha kujivuna ambacho wasomaji walikichukia na kukisubiri kwa wakati mmoja. Wapinzani wa Museveni walimwona kuwa mfano wa jinsi kipaji kinavyoweza kukodishwa, na lawama hiyo haikuwa ya bure: kejeli inayotoka kwa mtu wa ikulu kwenda kwa mtu asiye na ulinzi haina usawa wa uwanja wa kriketi, ambako kila upande hupata zamu yake ya kurusha.

Hata hivyo kumwita mpiga debe peke yake kungekuwa kurahisisha mambo. Mwaka 2009 ulipopelekwa bungeni muswada uliokusudia kuwapa adhabu kali, ikiwemo ya kifo, watu wanaojihusisha na mapenzi ya jinsia moja, na kuungwa mkono na wanasiasa wengi pamoja na viongozi wa makanisa, likiwemo kanisa la baba yake, Nagenda aliupinga waziwazi wakati ambao washauri wengi wa serikali walichagua kutazama kando. Nyaraka za kidiplomasia za Marekani zilizovujishwa na mtandao wa WikiLeaks zilionyesha pia kwamba aliongea na wanadiplomasia kuhusu watu wa ikulu kwa uwazi ambao ungemfukuzisha kazi mtumishi wa kawaida. Hakufukuzwa. Alivumiliwa, kwa namna ambayo tawala nyingi za Afrika, za zamani na za sasa, zimekuwa zikimvumilia mtu mmoja au wawili wenye ruhusa ya kusema. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha mwaka 1978 mkusanyo wa sanaa ya simulizi ya Wafipa, angeitambua mara moja nafasi hiyo, kwa sababu hadithi za sungura zinazosimuliwa kote katika ukanda huu humhusu kiumbe asiye na nguvu anayeishi karibu na wenye nguvu kwa akili na maneno yake. Tofauti ni kwamba sungura wa hadithi hakulipwa mshahara na simba.

Ukaribu huo ulikuwa na gharama upande wa pili pia. Mtu anayejulikana kwa utani hupoteza uwezo wa kuaminiwa anapokuwa hatanii, na Nagenda alipokosoa jambo la serikali yake kwa dhati, wapo waliodhani ni mbinu iliyopangwa na wakubwa, na alipolisifu kwa dhati, wapo waliodhani ni kejeli. Katika kriketi kuna warushaji waliobobea katika mpira unaofanana na mwingine mpaka dakika ya mwisho, na siri yao ni kwamba mpigaji asijue. Mwandishi akitumia ufundi huo kwa miaka 20 hujikuta amewafumba macho hata watu wa upande wake.

Wakati huo mchezo aliouacha ulikuwa umebadilika sana. Timu ya pamoja ilivunjika pole pole. Kenya ilijitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kucheza kwa jina lake, na tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, ikawashangaza West Indies, mabingwa wa 1975 na 1979, kwa kuwatoa wote kwa mikimbio 93 baada ya yenyewe kupata 166, ushindi ambao nahodha na mrushaji wake Maurice Odumbe aliushangilia kwa maneno mengi kama ilivyokuwa kawaida yake. Uganda ilipata uanachama wake yenyewe katika baraza la kimataifa mwaka 1998. Nagenda aliyafuatilia haya yote akiwa mtazamaji na mwandishi.

Alifariki mjini Kampala mwezi Machi 2023, akiwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 85. Tarehe 30 Novemba ya mwaka huohuo, katika mashindano ya kufuzu yaliyofanyika Windhoek nchini Namibia, Uganda iliishinda Rwanda, nchi alikozaliwa Nagenda, na kupata kwa mara ya kwanza nafasi ya kucheza Kombe la Dunia la ova 20 kwa jina lake yenyewe, bila kuunganishwa na jirani yeyote. Mwezi Juni 2024, huko Guyana, iliifunga Papua New Guinea kwa kuwatoa wote kwa mikimbio 77 na kuipita alama hiyo ikiwa imepoteza wiketi saba, na mmoja wa mashujaa wa siku hiyo alikuwa Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, mchezaji mzee kuliko wote katika mashindano yale, ambaye katika ova zake nne alitoa mikimbio minne tu na kuangusha wiketi mbili. Hadi siku hiyo hakuna mrushaji aliyekuwa amewahi kuwa bahili kiasi hicho katika ova nne kamili za mashindano hayo, na rekodi ilidumu kwa muda usiofika wiki mbili, hadi Lockie Ferguson wa New Zealand alipomaliza zake nne dhidi ya Papua New Guinea haohao bila kutoa mkimbio hata mmoja.